Umesoti lakini haijasotika: dalili na vyanzo vyake, kuanzia arei mpaka listi za pointa

Wadau wa Tanga mnaoandika C, hii ni ya wale wanaotaka funksheni moja ya kusoti (kupanga data kwa mfuatano) inayokula kila kitu, namba, majina, strakti (fildi kadhaa zilizofungwa pamoja), leo daftari la samaki wa Deep Sea kesho mizigo ya machungwa ya Muheza, sio kila ukipata data mpya unakaa kuandika lupu upya. Umbo lake linajulikana, unaipa pointa (anwani ya memori) ya mwanzo wa arei, idadi, ukubwa wa kitu kimoja kwa baiti, na funksheni ya kulinganisha (mie naiita kilinganishi tu), kama ilivyo qsort ya C. Tatizo ni kwamba ikiharibika haikwambii imeharibikia wapi, inakutolea orodha ya ajabu tu afu inanyamaza. Kwahiyo twende kwa dalili, tafuta yako usome hapohapo.

Ila kabla hujagusa kodi ya kusoti yenyewe, mtuhumiwa wa kwanza ni kilinganishi. Watu wanakesha wakibadilisha njia za kusoti, wanatoka kwikisoti wanaenda mejisoti, wanatoka mejisoti wanaenda hipsoti, na kilinganishi kilekile kibovu wanahama nacho kila mahali, matokeo yanabaki ya hovyo vilevile lawama anapewa Tony Hoare wa watu aliyeibuni kwikisoti 1959 na hana kosa lolote.

Karibu yote imepangika ila wachache wamekaa sipo

Hii ndo ya kawaida kuliko zote na ndo inayodanganya kuliko zote, maana ukiangalia juujuu unaona imekubali. Angalia hiki kitu:

```c
int linganisha_kilo(const void *x, const void *y) {
    const Samaki *a = x, *b = y;
    return a->kilo - b->kilo;
}
```

Kilo ni double, funksheni inarudisha int. Changu wa 2.3 ukitoa kolekole wa 2.9 unapata -0.6, ikigeuzwa int desimali inakatwa inabaki 0, yani "hawa wako sawa". Kolekole wa 2.9 na nguru wa 3.5, 0 tena, wako sawa. Lakini changu wa 2.3 na nguru wa 3.5 inatoka -1, hawako sawa. Sasa wa kwanza sawa na wa pili, wa pili sawa na wa tatu, ila wa kwanza mdogo kuliko wa tatu, hapo hata ulete algorithimu gani haiwezi kupanga, umeipa sheria zinazogombana zenyewe kwa zenyewe. Mama muuza samaki akikuuliza "mwanangu, mbona huyu wa mbili nukta tisa katangulia mbele ya wa mbili nukta tatu?" usimsingizie kompyuta, mwambie "samahani mama, narekebisha", afu nenda katoe hiyo alama ya kutoa. Andika hivi:

```c
return (a->kilo > b->kilo) - (a->kilo < b->kilo);
```

Inatoa 1, 0 au -1, basi, haina cha kukatwa wala kumwagika.

Ugonjwa huohuo kwenye namba nzima unakuja kwa sura nyingine. Int ya biti 32 mwisho wake ni 2147483647, ukitoa -2000000000 kutoka 2000000000 jibu la kweli ni bilioni nne, haliingii, na C yenyewe haikuahidi kitu namba yenye alama ikimwagika, mara nyingi utaona hasi, mkubwa kageuka mdogo. Utasema mie nina hesabu za dukani, bilioni nne zitoke wapi. Haya, chukua namba za simu ulizohifadhi kwenye long long, ya Tanzania inaanza 255, ya Msumbiji 258, toa 255700000000 kutoka 258840000000 unapata 3140000000, sasa kilinganishi kinairudisha kama int, inakatwa na kwenye mashine tunazotumia inakuwa -1154967296. Yani Msumbiji inapanda juu ya Tanzania. Kinachochanganya ni kwamba Kenya ya 254 ikilinganishwa na 255 inakaa vizuri kabisa maana tofauti ni kama bilioni moja, inaingia, kwahiyo ukijaribu na wateja wa Mombasa unaona kodi nzima, akija wa Pemba kule Msumbiji ndo inavurugika. (Na namba za simu kwa kweli zilitakiwa ziwe stringi, ukianza na sifuri kwenye kodi, 07 na kuendelea, C inaisoma kama namba ya msingi wa nane, lakini hiyo tuiache.)

Kuna kisa kingine cha NaN ("sio namba", jibu la hesabu isiyo na jibu). Ukigawanya bei 0 kwa kilo 0 kutafuta bei ya kilo moja unapata NaN, na NaN ukiilinganisha na chochote, kubwa kuliko, ndogo kuliko, sawasawa, zote jibu ni hapana. Hata ile fomula nzuri ya juu inarudisha 0 kwa NaN na kila mtu, umerudi palepale pa changu na nguru. Uliza isnan kwanza, wote wenye NaN watupe mwisho wa foleni.

Kama huna uhakika kilinganishi chako kizima au la, usikikodolee macho, kipime. Chukua vitu kama 50 kutoka data halisi, hakikisha linganisha(a,a) ni 0, hakikisha linganisha(a,b) na linganisha(b,a) zina alama zinazopingana (au zote ni 0), afu zungusha kila watatu watatu uone kama a≤b na b≤c basi a≤c. Watatu watatu wa vitu 50 ni mara 125000, kompyuta haitajua hata kama imefanya kazi. Kikipita hapo, sasa una haki ya kushuku soti.

Kwangu inakubali, kwa jamaa inagoma

Kilinganishi kinachorudisha `a > b` peke yake. Hicho kinatoa 1 au 0, hakijawahi kusema "mdogo". Soti inayouliza "je ni zaidi ya sifuri?" haitaona tofauti, inayouliza "je ni chini ya sifuri?" itajibiwa hapana siku zote. qsort ya glibc (maktaba ya C ya Linux) kwa miaka mingi imekuwa inatumia mejisoti kwa ndani memori ikitosha, kwahiyo vilinganishi vya aina hii vinapenya kimyakimya, mtu anahamisha kodi kwenye mashine nyingine anasema kompaila mbovu. Wa JavaScript nanyi mnalo hilihili, tena nyie mna la ziada, sort() tupu bila kilinganishi inageuza namba kuwa stringi, [10, 9, 1] inatoka [1, 10, 9].

Sababu ya pili ni staki (memori inayoshika miito ya funksheni). Kwa kawaida Linux inakupa megabaiti 8, Windows megabaiti 1, rikasheni ndefu (funksheni inayojiita yenyewe) inapita Linux inakufa Windows. Ya tatu ni herufi, ipo hapo chini.

Majina hayapangiki

Kwanza angalia arei yako ni ya aina gani. Kama ni `char majina[50][30]`, kilinganishi kinapokea anwani ya herufi zenyewe, strcmp(a, b) inatosha. Kama ni `char *majina[50]`, kinapokea anwani ya pointa, lazima ufungue mara moja: `*(const char * const *)a`. Usipofungua, strcmp inasoma baiti za pointa kana kwamba ni jina, na unapata orodha ambayo haijabadilika au imevurugwa tu bila mantiki, haina kosa wala onyo kwasababu void * inameza kila kitu.

Kama imepangika lakini kwa namna ya kushangaza, hapo soti nzima, strcmp inafuata namba za herufi tu. Herufi kubwa ni 65 mpaka 90, ndogo 97 mpaka 122, kwahiyo "mabawa" aliyeandikwa kwa herufi ndogo anakaa chini ya "Usagara". Na sie wa Ngamiani hapa Tanga ndo tunaumia kabisa, mitaa yetu ni namba, ukisoti anwani kama stringi "Barabara ya 10" inakaa juu ya "Barabara ya 2" kwasababu inalinganisha 1 na 2 haijui kama mbele kuna sifuri. Dawa ni kutoa namba ya barabara uiweke kwenye fildi yake ya int, ulinganishe mtaa kwanza namba baadae, au uandike kilinganishi ambacho kikikuta tarakimu pande zote mbili kinazisoma zote kama namba moja. Mie nashauri fildi yake, hicho kingine kina vichaka vingi.

Alafu ng'. Hapa sijaona mtu anaonya. Alama ya juu iliyonyooka ni 39, iko chini ya herufi zote, kwahiyo "ng'ombe" inakaa kabla ya "ngalawa". Lakini kibodi nyingi za simu zinaweka ile iliyopinda, ambayo kwa UTF-8 ni baiti tatu, 226, 128, 153, na 226 iko juu ya herufi zote za kawaida, kwahiyo ng'ombe huyohuyo akiandikiwa kwenye simu anakwenda kulala chini ya "nguru". Neno moja sehemu mbili, na kwa macho zinafanana. Na kama hutumii strcmp, unatembea herufi kwa herufi mwenyewe kwa `char`, kwenye mashine za Intel na AMD char kwa kawaida ina hasi, 226 inasomeka -30 inapanda juu, kwenye Linux ya ARM haina hasi inashuka chini. Ndo ile sababu ya tatu. Geuza kuwa unsigned char kabla ya kulinganisha, na badilisha alama zote ziwe za aina moja mtu anapoingiza data, sio wakati wa kusoti.

Zinatokea namba ambazo hukuziweka

Ukiona 33554432 imeibuka kwenye arei ya 1, 2, 3, tayari nakwambia ulipokosea: umeandika `mwanzo + i` badala ya `mwanzo + i * ukubwa`. Ndani ya funksheni ya jumla unatembea kwa baiti, sio kwa vitu. Namba 1 na 2 kwenye memori ni 01 00 00 00 02 00 00 00, ukianza kusoma kutoka baiti ya pili unapata 00 00 00 02, ambayo kwa mpangilio wa mashine zetu ndo 33554432. Geuza void * kuwa char * kwanza, afu zidisha.

Zikitokea sifuri, umebadilishana kwa XOR (hesabu ya biti) na i imekuwa sawa na j, yani nafasi mbili unazobadilishana ni ileile moja. Kitu XOR chenyewe ni sifuri, kimejifuta. Hiyo mbinu ya XOR achana nayo tu, haina faida yoyote siku hizi.

Zikipangika mbili za mwanzo tu na nyingine zimebaki kama zilivyo, umepiga sizeof (inayotoa ukubwa kwa baiti) ndani ya funksheni kutafuta idadi. Pale arei imeshakuwa pointa, baiti 8 gawanya kwa 4 za int ni 2. Kama ni strakti ya baiti 40 unapata 0 na haipangiki hata moja. Idadi ihesabiwe nje ipitishwe ndani.

Inakufa katikati

"stack smashing detected": buffa yako ya kubadilishana ni ndogo. Mtu anaweka `char tmp[64]`, inafanya kazi miezi, siku anaongeza fildi mbili strakti inafika baiti 72, kwisha. Badilishana vipande vipande kwa lupu, baiti 64 kwa mara moja mpaka ukubwa uishe, hapo strakti iwe kubwa namna gani haikuhusu.

Ikifa kwa kusoma nje ya arei, rudi kwa kilinganishi (unaona sasa?). Kikiandikwa `a <= b ? -1 : 1`, vilivyo sawa vinaambiwa kila mmoja mdogo kuliko mwenzie, na ile lupu ya kwikisoti inayosema "endelea kulia maadam ni mdogo kuliko pivoti" (pivoti ni kitu ulichochagua kugawia wadogo na wakubwa) inakuta vyote vidogo, pivoti yenyewe pia, inapita ukuta inaendelea kwenye memori za watu. Sio mambo ya kodi za wanafunzi tu, Januari 2024 kampuni ya usalama ya Qualys ilitoa ripoti kwamba qsort ya glibc yenyewe inaweza kugusa memori nje ya arei ikipewa kilinganishi kisichoeleweka. Java kuanzia toleo la 7 wenzetu wameamua kusema, ikigundua inatupa "Comparison method violates its general contract!", ila haigundui kila mara, kwahiyo kimya chake sio cheti. Kwenye C kompaili na -fsanitize=address, itakuonyesha mstari wenyewe.

Listi za pointa

Listi ya pointa ni mnyororo wa nodi, kila nodi ina data yake na kiungo (pointa) cha nodi ya mbele. Huku mambo ni tofauti, kilinganishi kinaweza kuwa kizima kabisa na bado ukalia, kwasababu kinachoharibika ni viungo. Kwanza kabisa tumia mejisoti, usijisumbue na kwikisoti. Kwenye listi huwezi kuruka kwenda nodi ya 500 bila kupita zote 499, na mejisoti (ya John von Neumann, 1945) haihitaji kuruka, na ule ubaya wake wa kutaka arei ya ziada kwenye listi haupo, unageuza pointa tu. Pili usibadilishane data ndani ya nodi, geuza viungo. Kama kuna mahali pengine umehifadhi pointa ya nodi, labda risiti inaelekeza kwa mteja fulani, ukibadilisha data risiti inabaki pale ila mteja ni mwingine.

*Inakufa hata na nodi mbili tu.* Angalia unavyogawa nusu:

```c
Nodi *polepole = kichwa, *haraka = kichwa->mbele;
while (haraka && haraka->mbele) {
    polepole = polepole->mbele;
    haraka = haraka->mbele->mbele;
}
Nodi *nusu = polepole->mbele;
polepole->mbele = NULL;
```

Wengi wanaanzisha haraka kwenye kichwa, sio kichwa->mbele. Fuatisha na nodi mbili: polepole anasogea nodi ya pili, haraka anafika NULL, nusu ya pili ni NULL na nusu ya kwanza ni nodi mbili zilezile. Unaita tena na mbili, tena na mbili, mpaka staki iishe. Na huo mstari wa mwisho ukiusahau matokeo ni hayohayo, hujakata kamba, nusu ya kwanza bado inaburuta listi nzima nyuma yake.

*Listi imekuwa fupi.* Majina 40 yanaingia, yanatoka 7. Mara nyingi hayajapotea, umeita `soti(orodha);` badala ya `orodha = soti(orodha);`. Pointa yako bado imeshika nodi iliyokuwa ya kwanza zamani, sasa imekaa katikati, unachapisha kuanzia pale kwenda mwisho. Jipime hivi, kama aliyekuwa wa kwanza ndo mkubwa kuliko wote, utaona jina moja peke yake. Ila kama zilizopotea ni za mwishoni, hapo angalia kuunganisha: lupu ya `while (a && b)` ikiisha upande mmoja bado una nodi, lazima ushikize mkia kwake.

*Kuchapisha hakuishi.* Kuna duara, nodi ya mwisho haina NULL. Hesabu nodi kabla ya soti, na baada ya soti hesabu ukiwa na kikomo, ikizidi ile ya mwanzo simama.

*Anwani ya ajabu kwenye gdb (programu ya kutafutia makosa).* Umeandika soti ya jumla inayodhani kiungo ni fildi ya kwanza ya strakti, afu mtu kaleta strakti inayoanza na jina. Soti inasoma jina kama pointa. Ukikuta inakufa kwenye 0x61676e6154, soma baiti kutoka mwisho: 54 61 6e 67 61, ni "Tanga". Anwani inayosomeka kama herufi ni data, sio anwani. Pitisha ofseti ya kiungo (umbali wake kutoka mwanzo wa strakti) kama hoja ya funksheni, offsetof ipo kwa kazi hiyo.

Za pande mbili, soti kwa kiungo cha mbele tu, ukimaliza pita mara moja urekebishe vya nyuma vyote. Na kuunganisha usifanye kwa rikasheni, vitabu vinapenda maana inapendeza, ila nodi laki moja ni miito laki moja kwenye staki.

Mpangilio wa zamani umevurugika

Umesoti kwa tarehe, afu kwa mtaa, ukitegemea ndani ya mtaa tarehe zibaki zimefuatana. Kwikisoti haiahidi hilo, qsort ya C haiahidi, hata kama kwako inatokea. Mejisoti inaahidi, ila kwa sharti la alama moja: wakati wa kuunganisha chukua wa kushoto kama `linganisha(a, b) <= 0`. Ukiandika `<` peke yake, wakiwa sawa anachukuliwa wa kulia na umeipoteza. Kama huwezi kuachana na qsort, ongeza fildi ya namba ya foleni, wakiwa sawa kilinganishi kiamue kwa hiyo.

Inapanga vizuri ila inachukua mwaka

Kwikisoti yenye pivoti ya kwanza ikipewa data iliyokwishapangika inageuka kobe. Vitu laki moja ni ulinganishi karibu bilioni 5, wakati ilitakiwa iwe kama milioni 2 hivi. Na data iliyokwishapangika sio bahati mbaya, ndo hali ya kawaida, mtu anabonyeza kitufe cha kupanga mara mbili. Chukua pivoti ya katikati kati ya tatu (mwanzo, kati, mwisho), na rikasheni ifanye upande mdogo, mkubwa uzungushe kwa lupu, hapo staki haizidi logi ya n hata iweje.

Ukishaweka hiyo na bado ni kobe, angalia unasoti kwa fildi gani. Daftari la huku fildi ya mkoa kila mstari ni "Tanga", vyote sawa, na ule ugawaji rahisi wenye pointa moja inayotembea unatupa vyote upande mmoja kila raundi, na hapo pivoti ya katikati haina msaada kwasababu katikati ni Tanga na pembeni ni Tanga. Gawa mafungu matatu, wadogo, walio sawa, wakubwa, na fungu la katikati usiliguse tena. Mistari yote ikiwa Tanga inaisha kwa kupita mara moja.